Rangi ya mjusi: jinsi inavyorithiwa, na jinsi ilivyomponza mjusi wa Kimboza

Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro nchini Tanzania, anaishi mjusi ambaye urefu wake, pamoja na mkia, ni kama wa kidole cha mtu mzima. Dume lake ni la buluu inayong'aa, tumbo la rangi ya chungwa na michirizi myeusi kooni. Rangi hiyo ndiyo iliyomponza. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa msituni mijusi wasiopungua 32,310, na huenda wakafikia 42,610. Idadi hiyo ni sawa na takriban asilimia 15 ya mijusi wote wa aina hiyo waliokuwapo duniani wakati huo.

Walikuwa wakipelekwa Ulaya, Marekani na Asia kuuzwa kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Hapo ndipo swali linapozuka: ikiwa mjusi huzaliana hata ndani ya sanduku la kioo, na rangi hupita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, kwa nini msitu ulivamiwa? Ili kulijibu, yafaa kwanza kufahamu jinsi rangi ya mjusi inavyotengenezwa na inavyorithiwa. Elimu hiyo haiishii kwa mijusi. Humhusu pia mfugaji wa sungura wa Gitega, na mzazi wa Muyinga aliyejaliwa mtoto mwenye ualbino.

Biashara iliyojengwa juu ya rangi

Wakazi wa Burundi wanamfahamu vyema mjusi kafiri, yule mweupe wa kijivu anayetambaa ukutani usiku karibu na taa akiwinda mbu na wadudu wengine. Mjusi wa Kimboza ni wa jamii hiyo kubwa, ingawa yeye hutembea mchana. Katika nchi nyingi za Magharibi, mijusi wa jamii hii hufugwa kama ndege wa mapambo wanavyofugwa kwingineko.

Anayefugwa zaidi ni mjusi chui, ambaye asili yake ni nyanda kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ameitwa hivyo kwa sababu ya madoa meusi yaliyotawanyika juu ya ngozi ya manjano. Wafugaji wamemzalisha kwa miongo kadhaa, na leo wapo mijusi chui weupe, wa rangi ya chungwa, wasio na doa hata moja, na wenye macho meusi kabisa. Mjusi wa kawaida huuzwa kwa bei nafuu, lakini mwenye rangi mpya ambayo hakuna mwingine anayo huweza kuuzwa kwa fedha nyingi mno. Kwa hiyo kwa wafugaji hao, kujua kanuni za urithi ni kazi ya riziki.

Rangi inatoka wapi?

Ngozi ya mjusi ina aina tatu kuu za seli za rangi. Za kwanza hubeba melanini, ambayo huleta weusi na hudhurungi. Ndiyo melanini ileile iliyomo katika ngozi na nywele za binadamu. Za pili hubeba rangi za manjano na nyekundu. Za tatu hazina rangi yoyote, bali zina fuwele ndogo sana zinazorudisha mwanga kama vipande vya kioo. Kwa mijusi wengi, buluu si rangi iliyopakwa ndani ya ngozi. Ni mwanga uliorudishwa na fuwele hizo. Manjano yakiwa juu ya buluu hiyo, jicho huona kijani.

Kila aina ya seli hufuata maagizo yaliyoandikwa katika vinasaba. Agizo moja huitwa jeni. Mjusi hupokea kila agizo mara mbili, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Naye atakapozaa, atampa kila mtoto nakala moja tu kati ya hizo mbili, na hakuna awezaye kuchagua ni ipi.

Kanuni hii iligunduliwa kwa njegere, si kwa wanyama. Mtawa Gregor Mendel, aliyeishi katika mji wa Brno ambao leo umo katika Jamhuri ya Czech, alipanda njegere kwa miaka mingi katika bustani ya makao ya watawa, na mwaka 1866 akachapisha matokeo yake. Alipochanganya mimea ya maua ya zambarau na ile ya maua meupe, kizazi cha kwanza chote kilitoa maua ya zambarau. Weupe ulionekana kama umekufa. Lakini kizazi hicho kilipozaa chenyewe kwa chenyewe, mimea 705 ilitoa maua ya zambarau na 224 ikatoa meupe. Yaani takriban mmoja kati ya kila minne. Weupe haukuwa umekufa. Ulikuwa umejificha.

Mfugaji wa sungura hulishuhudia jambo hilo hilo. Dume jeusi na jike jeusi huweza kuzaa kitoto cheupe chenye macho mekundu. Mwenye sungura huenda akadhani kwamba dume la jirani liliingia bandani usiku. Mara nyingi hakuna dume la jirani: wazazi wote wawili walikuwa wamebeba nakala moja iliyojificha ya weupe, na kitoto hicho kikapokea zote mbili.

Hesabu ya mayai mawili

Tuchukue mfano wa mjusi chui asiye na melanini. Madoa yake si meusi bali ni ya hudhurungi hafifu au waridi, na manjano yake hubaki, kwa kuwa seli za manjano hazikuguswa. Jeni ya hali hiyo ni fiche: mjusi mwenye nakala moja huonekana wa kawaida kabisa, na ni mwenye nakala mbili tu anayebadilika rangi.

Wazazi wawili wa kawaida, kila mmoja akibeba nakala moja iliyojificha, watatoa watoto kwa uwiano huu: kati ya wanne, mmoja hatakuwa na nakala yoyote, wawili watabeba nakala moja bila kuonekana, na mmoja atakosa melanini. Maana yake ni kwamba kati ya kila watoto watatu wanaoonekana wa kawaida, wawili wamebeba siri. Kwa macho hakuna anayeweza kuwatofautisha.

Uwiano huo ni wa bahati, si wa ahadi. Mjusi chui hutaga mayai mawili kwa mara moja, na kila yai huanza hesabu upya. Mayai manne yanaweza kutoa watoto wanne wa kawaida, au wawili wasio na melanini, bila kanuni kuvunjwa. Uwiano hujitokeza wazi pale tu watoto wanapokuwa wengi, kama njegere za Mendel.

Mfugaji anayetaka kujua kama dume lake limebeba nakala iliyojificha hulipandisha kwa jike lisilo na melanini. Akianguliwa hata mtoto mmoja asiye na melanini, jibu limepatikana. Wakianguliwa kumi na wote wakawa wa kawaida, karibu hakuna shaka kwamba dume halina nakala hiyo, kwa maana kama lingekuwa nayo, uwezekano wa matokeo hayo ni 1 kati ya 1,024.

Kuna jambo lililowashangaza wafugaji wa mwanzo. Katika mijusi chui zipo koo tatu tofauti zisizo na melanini, zinazojulikana kwa majina ya Tremper, Bell na Rainwater. Ukimpandisha dume wa ukoo wa Tremper kwa jike wa ukoo wa Bell, wote wawili wakiwa hawana melanini, watoto wao huwa na rangi ya kawaida. Sababu ni kwamba melanini hupitia hatua nyingi hadi kukamilika, na kila ukoo umeharibikiwa katika hatua yake. Mtoto hupokea kutoka kwa baba nakala nzima ya kile alichokosa mama, na kutoka kwa mama nakala nzima ya kile alichokosa baba.

Kanuni ileile kwa binadamu

Binadamu si wanyama wa kupandishwa, lakini vinasaba vyake hufuata kanuni hiyo hiyo. Ualbino wa ngozi na macho hutokea pale mtoto anapopokea nakala mbili fiche, moja kutoka kwa kila mzazi. Baba na mama wenye ngozi nyeusi, wasio na mtu mwenye ualbino katika kumbukumbu za ukoo, wanaweza kumzaa. Nakala hiyo inaweza kupita vizazi na vizazi bila kuonekana.

Nchini Tanzania hutajwa mara nyingi makadirio ya mtu 1 mwenye ualbino kati ya 1,400. Kwa hesabu ya Mendel, kiwango hicho kina maana kwamba karibu mtu 1 kati ya kila 19 amebeba nakala moja bila kujua. Kwa hiyo mume anayemshutumu mkewe kwa uzinzi baada ya kuzaliwa mtoto mwenye ualbino hukosea mara mbili: humsingizia mke, na husahau kwamba, katika hali ya kawaida, nusu ya urithi huo imetoka kwake.

Ujinga wa jambo hili umegharimu maisha katika eneo hili. Kuanzia mwaka 2008, watu wenye ualbino waliuawa mashariki mwa Burundi, na viungo vyao vikauzwa kwa ajili ya ushirikina. Mwezi Julai 2009 mahakama ya Ruyigi iliwahukumu vifungo watu waliopatikana na hatia katika mauaji hayo, mmoja wao kifungo cha maisha. Hakuna laana wala utajiri katika viungo vya mtu mwenye ualbino. Ngozi yake imekosa melanini, na anachohitaji ni kukingwa na jua, kusaidiwa uoni wake, na kulindwa kama raia mwingine yeyote.

Nakala moja, mbili, na gharama yake

Si kila jeni hujificha. Katika mijusi chui ipo inayoitwa Mack Snow. Mwenye nakala moja huzaliwa mweupe na mweusi badala ya manjano na mweusi. Mwenye nakala mbili huwa mweupe zaidi, mwenye vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga na macho meusi matupu. Hapa nakala moja huonekana, na mbili huonekana zaidi. Wazazi wawili wenye nakala mojamoja hutoa robo ya watoto wa kawaida, nusu wanaofanana nao, na robo wenye nakala mbili.

Kanuni ya namna hii ndiyo iliyofichua hatari ya kufuga kwa kutazama rangi peke yake. Kuna wakati alizaliwa nchini Marekani mjusi chui wa manjano angavu ya limau, mwenye mng'ao ambao haukuwa umeonekana kabla. Rangi hiyo ikaitwa Lemon Frost, na wafugaji wakaigombea. Nayo huonekana kwa nakala moja tu, hivyo ilikuwa rahisi kuizalisha. Baadaye vikaanza kuonekana vivimbe vyeupe chini ya ngozi za mijusi hao. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mng'ao na vivimbe vina chanzo kimoja. Badiliko hilo lipo mahali ilipo jeni iitwayo SPINT1, na seli zinazorudisha mwanga huongezeka bila kizuizi hadi kuwa uvimbe. Zaidi ya asilimia 80 ya mijusi wa rangi hiyo hupata vivimbe hivyo. Wafugaji wengi wakaacha kuwazalisha.

Rangi nyingine maarufu, Enigma, huambatana na ugonjwa wa mfumo wa fahamu: mjusi huzunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, akashindwa hata kulenga chakula chake. Katika visa vyote viwili kilichonunuliwa kilikuwa rangi, na kilichokuja nayo kilikuwa maradhi. Msituni, mnyama wa namna hiyo hangeishi muda mrefu wala kuacha wazao wengi. Ndani ya sanduku la kioo huishi, kwa sababu mtu anapendezwa na ngozi yake.

Si kila kitu kimo katika jeni

Jeni huagiza, lakini mazingira nayo yana neno. Yai la mjusi chui halina jinsia iliyoamuliwa na vinasaba kama ilivyo kwa binadamu. Joto ndilo linaloamua. Mayai yakikaa katika nyuzi joto 26 za Selsiasi, karibu wote huanguliwa majike. Katika nyuzi 32 hadi 33, wengi huwa madume. Yakifikia nyuzi 34 au zaidi kidogo, majike huongezeka tena. Joto hilo hilo hugusa na rangi: mayai yaliyokaa kwenye ubaridi hutoa watoto wenye weusi mwingi zaidi kuliko yaliyokaa kwenye joto.

Kwa mjusi wa Kimboza jambo hili linaonekana wazi zaidi. Buluu ni ya dume aliyekomaa peke yake. Jike ni wa kijani au hudhurungi, na watoto wa jinsia zote hufanana naye. Hata dume, akiwa chini ya dume mwingine mwenye nguvu, huweza kubaki na rangi ya kijani kama jike, na mwenye buluu hufifia akiwa na hofu au baridi. Buluu yake haisomeki kwa hesabu rahisi ya moja kwa nne. Ni urithi, jinsia, umri na cheo, vyote kwa pamoja.

Kwa nini msitu ulivamiwa

Madereva wa malori wanaosafirisha mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Kobero hupita Morogoro. Msitu wa Kimboza uko kusini-mashariki ya mji huo, chini ya milima ya Uluguru. Ukubwa wake ni takriban kilomita 4 tu za mraba. Mjusi huyo, ambaye alielezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1952, hapatikani kwingine ila katika msitu huo na vipande vichache vya misitu jirani, ukiwemo ule wa Ruvu.

Huishi juu ya aina moja ya mkadi, mti wenye majani marefu yenye miiba. Katika mti mmoja hukaa dume mmoja na majike yake pamoja na watoto, na jike hubandika mayai yake mawili kwenye majani. Wakamataji waliposhindwa kuwafikia juu, waliikata mikadi yenyewe. Hivyo aliyechukua mjusi mmoja aliwaondolea makazi wote waliokuwa wakiishi katika mti huo.

Hapa jibu la swali la mwanzo linapatikana. Kuzalisha mijusi kunahitaji subira, joto linalofaa, chakula, na kusubiri miezi kadhaa hadi mtoto akomae na kuonyesha rangi. Mnunuzi alitaka buluu, nayo ni ya dume mkubwa tu. Kumtoa msituni akiwa tayari amekomaa kulikuwa na gharama ndogo kuliko kumlea, na aliyemkamata alilipwa sehemu ndogo mno ya bei ya dukani. Tanzania haikuwa imetoa kibali cha kumsafirisha, hivyo wengi walisafirishwa kwa majina ya mijusi wengine.

Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimweka mjusi huyo katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016, katika mkutano wa mkataba wa CITES mjini Johannesburg, nchi wanachama ziliafiki aingizwe katika Orodha ya Kwanza, ambayo hupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017. Burundi nayo ni mwanachama wa mkataba huo tangu mwaka 1988, kwa hiyo marufuku hiyo inahusu pia mipaka yake.

Ufugaji unaweza kusaidia?

Mijusi wa Kimboza huzaliana wakifugwa, na wapo Ulaya waliozaliwa kwa vizazi kadhaa nje ya msitu. Kila mjusi aliyezaliwa hivyo kihalali angeweza kupunguza haja ya kumkamata mwingine. Lakini kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni udanganyifu. Mjusi wa porini na wa kufugwa hufanana, na mfanyabiashara anaweza kudai kwamba wote wamezaliwa nyumbani kwake. Hapa elimu ya urithi hugeuka kuwa shahidi. Kwa kuwa mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha kama wanaotajwa kuwa wazazi ndio wazazi kweli.

Wa pili ni ndoa za ndugu. Kundi lililoanzishwa na mijusi wachache hukutanisha nakala fiche zenye kasoro kwa urahisi, kama vile ukoo wa sungura unaozalishwa miaka mingi katika banda moja bila dume jipya. Kundi la namna hiyo huweza kuwa na rangi nzuri na afya dhaifu, na haliwezi kurudishwa msituni kwa matumaini makubwa.

Hata hivyo, mjusi wa Kimboza hawezi kuokolewa na sanduku la kioo peke yake. Msitu wake unasongwa na moto, ukataji, na mti wa kigeni uitwao Cedrela odorata ambao huota haraka na kuchukua nafasi ya miti ya asili. Mkadi ukiisha, hata mijusi wenye vinasaba bora hawatakuwa na pa kukaa.

Kwa wakazi wa Gitega na Muyinga, somo la karibu zaidi liko bandani na nyumbani. Mfugaji wa sungura, mbuzi au njiwa anaweza kuandika katika daftari ni dume gani lilipandishwa kwa jike gani, watoto walitoka na rangi gani, na wangapi walizaliwa na kasoro. Baada ya vizazi viwili au vitatu, daftari hilo litamwonyesha nakala zilizojificha ambazo jicho halikuziona. Naye akiona rangi adimu, ajiulize kwanza kama mnyama huyo anakula, anatembea na kuzaa vizuri, kabla ya kumfanya mbegu ya banda zima.